Mtindi wa Bweni Hadija

Wifi yangu huniletea vitu vya kisasa ili nisizeeke upesi. Juma lililopita alikuja hapa kwangu Tanga, nilikoolewa, na chupa nyeupe, akanieleza kwamba ndani mna kefiri, maziwa yaliyochachushwa kwa chembe maalumu za nchi za baridi, na kwamba yanatuliza tumbo, yanatia nguvu mifupa, na hata wale ambao maziwa mabichi huwavuruga wanayanywa bila taabu. Nikafungua kifuniko. Harufu kali ya uchachu ikanipanda puani, nami nikacheka. Hakikuwa kicheko kizuri.

"Wifi, umecheka nini?"

"Nimemkumbuka mtu," nikasema. "Mwanamke mmoja wa Moroni. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikimwombea gesi."

Aliniangalia kama mtu aliyekuja kuleta dawa akakuta mgonjwa amekwisha rukwa na akili. Basi nitawaeleza nyinyi, kwa sababu yeye niliishia kumnyamazisha kwa chai.

Mama yangu alizaliwa Mutsamudu, katika kisiwa cha Nzwani, akaolewa na mtu wa kisiwa kikubwa cha Ngazija, akamfuata mjini Moroni. Baba alifariki ningali mtoto wa kubebwa. Mama hakurudi kwao. Alikuwa na ng'ombe wawili aliofugiwa na jamaa za baba kule Ntsujini, na alikuwa na mikono inayojua mtindi. Alikifukiza kibuyu kwa kijinga cha mti wa mpera mpaka ndani kikanuka moshi mtamu, akamimina maziwa, akayaachia tone la mtindi wa jana liyafundishe kazi. Kesho yake yalikuwa mazito, yenye ukali unaokunja uso kidogo kisha ukakuomba urudie. Mtaa mzima ulikula wali kwa mtindi wa Mama.

Mteja wake mkuu alikuwa jirani yetu, Bweni Hadija. "Bweni" ndivyo tunavyomwita mwanamke wa heshima, na huyu heshima alikuwa nayo ya kugawa: mume wake alikuwa amefanya ndoa kubwa, ile ya kulisha mji, na tangu siku hiyo Bweni alitembea kama mtu anayefagiliwa njia. Lakini tumbo lake halikujua cheo. Akinywa maziwa mabichi lilivimba na kunguruma hata wageni wakatazamana. Mtindi wa Mama tu ndio uliolituliza. Jioni alitoka na bakuli lake la kauri, akanywa barazani kwetu, akashusha pumzi, akasema mbele ya wanawake wote, "Tumbo langu ni mali ya huyu mwanangu wa Kinzwani." Mimi nilimwamkia "kwezi", kama mtoto anavyomwamkia mkubwa, naye akaitika "mbona" na kunitilia karanga kiganjani. Nilimpenda. Nalisema hili ili mjue chuki yangu ilivyoanza na mtaji mzuri.

Kisha kisiwa cha Nzwani kikajitenga na serikali ya Moroni. Mimi sikuelewa siasa. Nilielewa kwamba watu wazima walianza kuongea polepole tukipita. Mazungumzo ya wakubwa wa visiwa yalipovunjika, hasira ikashuka mitaani Moroni. Vijana walisimamisha watu wakawataka waseme maneno mawili matatu, wasikie lafudhi. Mama alikuwa amekaa Ngazija miaka mingi, lakini kila alipofungua kinywa, Mutsamudu ilitoka.

Vijana hao walifika mtaani kwetu asubuhi. Tulikuwa tumejifungia. Nikasikia sauti ya Bweni Hadija nje, na Mama akafungua mlango kwa furaha, akidhani amekuja kutuchukua.

"Bweni, tusitiri kwako, mimi na mtoto."

Bweni Hadija hakumtazama. Aliwageukia wale vijana.

"Ndio hawa. Na maziwa yao msinywe tena. Nani ajuaye wanatutilia nini?"

Kibuyu kilikuwa pale mlangoni, kimejaa. Alikiinua kwa mikono yake miwili, mikono yenye bangili, akakipiga kwenye kizingiti. Mtindi ukatambaa chini. Kijana mmoja, ambaye jana yake tu alikuwa amenunua kwetu, akarudi nyuma asichafue viatu. Nilimtazama Bweni usoni nikingoja aniambie ni mchezo. Kama alitenda vile kwa woga au kwa nini, sikujali, na hata leo sijali sana. Tulifukuzwa palepale, na kabla ya siku kwisha mpwa wa Bweni alikuwa amehamia chumbani kwetu.

Jamaa za baba walituficha Vuvuni, kijiji cha kusini ya mji, na hao Mungu awalipe. Tulipopata chombo cha kwenda Nzwani, Mama alipanda amevaa kanga ileile iliyorukiwa na mtindi, imekauka na kuwa ngumu kama ubao. Mtu akamshauri aifue. Akasema, "Iache. Nataka ninuke mpaka nifike."

Mutsamudu tulifikia kwa bibi yangu, mama yake Mama, ambaye tulimwita Koko, kama tunavyowaita mabibi wote. Nyumba yake ilikuwa katika mji wa kale, kwenye vichochoro vyembamba ambamo jirani akikaanga samaki wewe unapiga chafya. Haukupita muda tukawekewa vikwazo kwa ajili ya kule kujitenga. Bandari, ambayo zamani ilipiga kelele za makuli na minyororo mchana kutwa, ikanyamaza. Maziwa ya kopo yakatoweka madukani, kisha dawa, kisha mafuta ya taa. Simu nazo zikakatwa. Wanawake wakarudi kwenye yale waliyoyajua: uji kwa tui la nazi, maji ya mchele kwa watoto wanaoharisha. Koko alisema tui ni jamaa mwema wa maziwa, lakini si maziwa yenyewe. Mtu mzima hunenepa kwalo, mtoto mchanga halimsimamishi. Koko alikuwa na ng'ombe mlimani. Mama akaomba tone la mtindi kwa dada yake Koko, akatafuta kibuyu, akaanza upya. Hakuimba tena akifanya kazi ile.

Mimi nami nilianza kazi yangu. Kila baada ya sala nilimwombea Bweni Hadija tumbo lake livimbe. Nilikuwa mtoto wa kuogopa dhambi, kwa hiyo nikamwuliza fundi wetu, yule mwalimu wa chuo cha Kurani, kama inafaa kumwombea mtu aliyekudhulumu apate gesi. Akavuta ndevu.

"Dua ya aliyedhulumiwa haina pazia," akasema. "Lakini mwachie Mwenyezi Mungu achague kiungo."

Nilimwachia Mungu nafasi ya kuchagua, ila nilimkumbusha kwamba tumbo lilikuwa wazi.

Sasa, Bweni Hadija alikuwa na binti mmoja, Anfia, aliyeolewa Mutsamudu na karani wa bandarini. Tulijua yupo, hatukusalimiana. Asubuhi moja alikuja mlangoni kwetu na mtoto mgongoni, Kamali, aliyekuwa ameanza kutembea kisha akaacha. Nilimfungulia mimi. Shingo ya yule mtoto ilikuwa imelegea begani kwake na macho yamezama.

"Mama yupo?"

"Unataka nini?"

"Mtoto ameharisha siku nyingi. Hospitali wamempa maji ya chumvi na sukari, kuhara kumepungua, lakini hana nguvu. Mimi maziwa yamenikauka. Nesi amesema nikipata mtindi mzuri nimpe, maziwa mengine yatamrudisha kulekule. Watu wote wananielekeza hapa."

"Mtindi upo," nikamwambia. "Wenu ndio haupo. Wenu mama yako aliumwaga."

Maneno yale nilikuwa nimeyatayarisha tangu Vuvuni, ingawa niliyatayarishia mtu mwingine. Yalikuwa matamu mdomoni, wala sitawadanganya. Machozi yalimtoka Anfia bila sauti.

Mama akatokea nyuma yangu, akanisogeza kwa nyonga. Alimtazama yule mtoto kwa muda. Kisha akaingia ndani, akarudi na bakuli na kijiko, akakaa kizingitini mwenyewe, akampakata Kamali na kumlisha kidogokidogo, akingoja ameze, akimfuta kidevu. Mtoto alikunja uso, akafungua mdomo tena. Mimi nilisimama pale nikitaka kulipiga teke lile bakuli.

Alipomaliza alimtazama Anfia.

"Utamleta kila asubuhi. Sitaki chochote kutoka kwako. Lakini utapita mlango huu wa mbele, saa wanawake wote wa kichochoro wako nje. Na nikikuuliza mtoto kaamkaje, unijibu kwa sauti."

"Sawa, Bweni."

"Na siku simu zikirudi, umpigie mama yako. Usimwambie tu kwamba mtoto amepona. Mwambie amepona kwa nini."

Usiku ule sikutaka kula kwa hasira. Nilimwambia Koko kwamba mama yangu hana moyo wa kiume. Koko akacheka mpaka akakohoa. "Mjukuu wangu," akasema, "wewe unamwombea mwenzio ugonjwa wa tumbo. Mama yako anamwandalia ugonjwa usio na dawa."

Kamali alinyanyuka. Shingo ilisimama kwanza, halafu mashavu yakaja, halafu miguu. Kila asubuhi Mama aliuliza, "Kaamkaje?" na Anfia akajibu hadi kichochoro kizima kisikie, "Kaamka mzima, Bweni, Mungu akulipe." Mwishowe mtoto alikuwa akija mwenyewe, mbio, tumbo mbele, akimwita mama yangu Koko. Mama hakumsahihisha. Alimpakata barazani, akamwimbia nyimbo za Kinzwani, na mtoto akaanza kusema kwa lafudhi ya Mutsamudu, ileile iliyotufukuzisha Moroni.

Vikwazo viliondolewa, simu zikarudi, na vyombo vikaanza tena kuvuka. Habari zikafika kabla ya mwenyewe: Bweni Hadija anakuja kumwona mjukuu wake.

Alikuja kwetu siku ya pili, kwa sababu asingeweza kutokuja. Mji mzima ulijua habari ya mtindi. Alikuwa amekonda. Bangili zilimteremka mpaka viganjani. Sikumwamkia kwezi. Nilisimama mbele yake nikifunga mdomo ili aone kwamba naufunga, naye aliona. Wanawake wa kichochoro walikuwa wamepata ghafla kazi za kufanya barazani, huyu anachagua mchele, yule anachagua mchele uliokwisha kuchaguliwa.

"Kamali," akaita Bweni, akanyoosha mikono. "Njoo kwa koko wako."

Mtoto akajificha nyuma ya mama yangu, akashika nguo yake. "Koko huyu hapa," akasema.

Hakuna aliyecheka. Mama akasema kwa upole, "Karibu ukae, Bweni. Safari imekuchosha." Akaingia ndani, akatoka na bakuli la mtindi limejaa, akamkabidhi kwa mikono miwili, kama anavyopewa mkubwa. "Kunywa. Ni uleule uliosema hujui tunatilia nini."

Bweni Hadija alilishika lile bakuli. Nadhani ndipo alipofahamu kwamba akikataa ameapa tena kwamba ni sumu, na mjukuu wake amenenepa kwayo. Na akinywa, amejisuta mbele ya Mutsamudu nzima. Alikunywa. Alikunywa wote, polepole, na alipomaliza akashusha ile pumzi yake ya zamani, maana tumbo halikumngoja aamue. Machozi yakamtiririka mashavuni. Hakusema nisamehe. Alisema, "Huko Moroni hakuna anayejua kuutengeneza hivi. Nakuomba tone tu la kwenda nalo, mwanangu."

"Hapana," akasema Mama.

"Tone tu."

"Ukiutaka, njoo unywe hapa."

Akarudi Moroni bila tone. Siku ile nilifurahi kwa namna ambayo sijafurahi tena, hata siku ya harusi yangu.

Na alikuja, jamani. Kila mwaka alivuka bahari, akisema anamfuata mjukuu, akakaa barazani kwetu akanywa mtindi. Hawakuongea mengi. Mama alimmiminia, yeye alikunywa, wakamtazama Kamali akirefuka. Mama hakusema amesamehe, naye hakuomba. Tulijua tu kwamba majira ya Bweni yakikaribia, Mama alifukiza kibuyu kwa uangalifu zaidi na kuuonja mtindi mara kwa mara, akiutupa usiomridhisha.

Nilikuwa mtu mzima Bweni Hadija alipokufa. Mama, ambaye tangu siku ile hakuwa amekanyaga Ngazija, alipanda chombo akaenda. Alifika mtaa ule uliomfukuza, akaingia matangani, akakaa mbele kabisa, miongoni mwa wanawake wa heshima, na hakuna aliyethubutu kumwambia asogee. Aliporudi nilimpokea bandarini, nikamwuliza, "Mama, kumbe ulimsamehe?"

"Nilikwenda kuhakikisha," akasema.

Nilicheka njia nzima. Lakini tulipofika nyumbani alilala akaelekea ukutani, na kwa siku kadhaa kichochoro kilikosa mtindi. Nilidhani ni uchovu wa bahari. Nilikuwa sijaelewa, na nimechukua miaka kuelewa, kwamba kwa watu wengine wote mama yangu alikuwa mwuza mtindi tu, mwenye mkono mzuri. Bweni Hadija peke yake ndiye aliyejua sawasawa alichotendewa Mama na jinsi Mama alivyolipa. Sasa hakubaki mtu aliyeyajua hayo kwa kuyapitia mwenyewe.