Namba za Mwalimu Mokeira

Siku yangu ya kwanza kazini Kisii mjini, miaka ya tisini, nilifika na tai na digrii ya uhandisi. Mkurugenzi, mwenye duka la Kihindi lililokuwa na karakana ya mafundi watatu nyuma yake, alinipa ufagio. "Digrii weka pale juu, kijana. Vumbi iko hapa chini."

Fahari ya karakana ilikuwa osiloskopu, mashine inayochora umeme kwa mstari wa kijani kwenye kioo. Ilikuwa na uwezo wa kugandisha mchoro, uliofunguliwa kwa namba ya kibali. Kibali tulikinunua kihalali, lakini betri ya ndani ilipokufa, mashine ikakisahau. Watengenezaji wakajibu kwamba modeli hiyo hawaihudumii tena. Wakati huohuo, kikaushio cha kiwanda kimoja cha chai huko Nyamira kilikuwa kinazimika ghafla, kufumba na kufumbua, na bila kugandisha mchoro hatungeuona ugonjwa. Mkurugenzi akaniambia, "Wiki mbili. Ukishindwa, rudi kwa mama yako, saidia yeye kuchuma chai."

Nikaibeba mashine hadi kwa Mwalimu Mokeira, mama wa kijijini Magwagwa aliyefundisha hesabu na kufungua mashine kwa kujifurahisha. Aliichomoa chipu ya kumbukumbu, inayotunza maagizo ya mashine hata bila betri, akaichomeka kwenye kisanduku alichojiundia, chenye swichi kumi na tatu na taa nane. Kila akibadili swichi, alisoma taa na kuandika namba moja kwenye daftari la miraba. Namba zaidi ya elfu nane! Kisha akazifuata kwa penseli, hatua kwa hatua.

"Mashine haina siri," aliniambia Ijumaa. "Inachukua namba iliyochapwa mgongoni mwake, inapiga hesabu, halafu inalinganisha na kibali ulichoandika. Jibu inalo yenyewe. Nimebakiza hatua chache, nitamaliza Jumapili. Kesho ni Sabato, usiguse kitu."

Niligusa. Jumamosi, yeye akiwa kanisani, nilitaka nimalize kabla yake. Nikairudisha chipu kinyumenyume, nikawasha. Iliungua, ikanuka kabla sijazima.

Jumapili nilikiri, nimeshika tai mkononi. Hakunigombeza. Alitoa chipu tupu na daftari. "Wewe soma namba, mimi niziandike kwenye chipu."

Chini ya kila ukurasa alikuwa ameweka jumla. Kwenye ukurasa wa saba, namba nilizosoma hazikulingana nayo.

"Umeruka moja. Rudia, Bwana Digrii."

Tulimaliza Jumapili iliyofuata. Mashine ikawaka, akapiga hesabu yake, akaingiza kibali, na mstari wa kijani ukasimama tuli. Jumatatu kiwandani mchoro ukatuonyesha kosa: swichi moja ya kikaushio ilikuwa imelika ndani. Mkurugenzi akautazama mchoro, akasema, "Huyu mama apewe chai. Wewe chukua ufagio."

Sasa nimestaafu ufundi. Naandika makala, kazi isiyounguza chipu. Nikiulizwa nilisomea wapi, nataja chuo kikuu kwa sababu fomu inataka hivyo. Lakini daftari lile liko Magwagwa hadi leo, na ukurasa wa saba una alama ndogo ya penseli nyekundu, mahali niliporuka.