Bweni la Nyasi

Kwa muda mrefu kijijini kwetu, mgeni akiuliza njia aliambiwa, "Ukifika kwenye boma, pinda kushoto." Hakuna aliyehitaji kuuliza ni boma lipi. Zilikuwa kuta za bweni la wasichana la shule yetu ya kata. Ziliishia kwenye lenta, juu tu ya madirisha, bila paa, zikinyeshewa kila masika. Tulizijenga wenyewe. Wanaume walifyatua tofali na kuzichoma, sisi wanawake tukabeba maji na mchanga kutoka bondeni, na siku za msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, asiyetokea alitozwa kuku. Tuliambiwa wananchi tukifika lenta, serikali itaezeka. Tukafika lenta, tukakaa kusubiri.

Mimi nilikuwa mjumbe wa kamati ya ujenzi. Walinichagua kwa sababu ya mdomo wangu, na sisemi hivyo kwa kujisifu, maana hao hao walionichagua ndio walionisengenya kwamba mama yule hana breki.

Bweni lilihitajika kwa sababu shule iko mbali. Nchi yetu ya Ufipa ni ya wazi, vilima na nyasi mpaka macho yachoke, na mti wa kujikinga upepo huuoni. Mtoto alitoka nyumbani giza bado limetanda, akavuka bonde, akafika darasani vidole vimekufa ganzi hata kalamu haishiki. Akirudi ni jioni. Wazazi wenye uwezo kidogo waliwapangishia watoto vyumba jirani na shule, wanafunzi wenyewe wakiviita mageto. Binti wa miaka kumi na tano anaishi peke yake, anajipikia, anajifungia mlango. Mimi sikulitaka hilo kwa mwanangu.

Mwanangu wa kwanza alikuwa na miguu mirefu na ubishi niliomrithisha mimi mwenyewe. Alitaka kuwa mpima ardhi. Barabara yetu ilikuwa imepimwa na watu wengi, kila kundi linakuja na miwani yake ya kupimia na vigingi vyake vyekundu, linaondoka, na sisi tunabaki na vigingi. Watoto walivichukua wakachezea. Yeye alisema, "Mama, siku nikipima mimi, itajengwa." Nikamwambia kupima sio kujenga. Akasema atapima kwanza, halafu atakaa pale pale barabarani mpaka waje.

Alipokuwa kidato cha kwanza alipata lifti ya fuso la mahindi. Dereva akapita mahali alipotakiwa kushuka, akaongeza mwendo huku akicheka. Gari lilipolemewa na mlima, mwanangu akaruka. Alifika nyumbani goti limechubuka na kiatu kimoja hana, akatusimulia kama kisa cha kuchekesha, wadogo zake wakacheka mpaka wakajilaza chini. Mimi nilikwenda jikoni nikajifanya nachochea moto. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani, na tangu siku hiyo bweni lile likawa kazi yangu.

Nilienda wilayani mara nyingi. Nilipigwa danadana kutoka mlango huu hadi ule. Kijana mmoja mwenye tai aliniamkia vizuri kabisa, "Shikamoo mama," akanipa kiti, akanisikiliza, kisha akasema mchakato unaendelea. Nikamuuliza huo mchakato unaishi mtaa gani, nikautembelee. Akacheka. Wenzake wakacheka. Nilitoka pale nimewaburudisha watu, na mabati sikupewa.

Ndipo tulipoamua kuezeka wenyewe kwa nyasi. Wala halikuwa wazo la ajabu, maana ndivyo wazazi wetu walivyoishi, na nyasi kwetu hazina mwenyewe. Kuezeka ni kazi ya ujirani. Mwenye nyumba anapika pombe ya ulezi, majirani wanakuja na mundu na kamba. Kwa kuwa pombe haiingii shuleni, niliipika nyumbani kwangu, na katekista wetu alipopita akasalimia akiwa ametazama upande wa pili. Wanawake tulikata nyasi bondeni, tukazichambua, tukazifunga mizigo. Wanaume walipandisha fito, wakafunga kuanzia chini kwenda juu, safu juu ya safu. Lilipokamilika lilipendeza. Nasema kweli, lilipendeza, na ndani lilikuwa na joto.

Wasichana wakahamia likizo ilipokwisha. Mama mmoja mjane wa kijijini akakubali kulala nao kama matroni, kwa malipo ya mahindi tuliyochangishana. Kwa muda wote ule sikuwaza fuso wala bonde. Jumamosi mwanangu alikuja nyumbani kuchukua unga, ananuka sabuni, anazungumza mfululizo. Masomo yakapanda. Hesabu, iliyokuwa inamliza, ikawa anawafundisha wenzake. Rafiki yake mkubwa alikuwa binti wa familia ya upande wa pili wa bonde, mpole, hana maneno, na mwanangu aliongea kwa niaba ya wote wawili.

Mwaka uliofuata, mvua zilipokatika, lilikuja gari jeupe la ukaguzi. Afisa akashuka, akaingia bwenini, akainua macho juu. Akatuita wanakamati.

"Hapa analala mtu?" akauliza.

"Wanalala watoto wetu," nikamjibu.

"Mama, hizi ni nyasi. Ikidondoka cheche moja, mtanipa mimi majibu?"

Hapo alikuwa na haki, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nyasi zinashika moto, nani asiyejua? Nikamwambia sawa, basi tuletee mabati kesho, tutazishusha hizi jioni hii hii. Akasema mabati yako kwenye utaratibu, ila usalama wa mtoto hausubiri utaratibu. Bweni likafungwa kwa kufuli siku ile ile, magodoro yakatolewa nje, yakarundikwa chini ya ukuta. Hakuna aliyeuliza watoto watalala wapi. Gari likageuza, likaenda zake.

Mitihani ilikuwa inakaribia. Ile safari ya bonde sikuitaka tena, hata yeye hakuitaka. Tukaungana na wazazi wa rafiki yake tukawapangishia chumba kimoja jirani na shule. Kilikuwa chumba kizuri, sakafu ya saruji, kuta zimepigwa plasta, juu mabati yenye dari. Tuliona wamepata bahati. Mama yangu mzazi akawapa jiko lake la mkaa, lile dogo, kwa sababu Juni ilikuwa inaingia na baridi ya Ufipa mwezi Juni haina mchezo. Alifika asubuhi amelibeba kichwani. Akamwambia mjukuu wake, "Ulisogeze karibu na miguu."

Lazima nieleze hapa, maana watu wa mbali walituona wajinga. Sisi tumelala na moto tangu tuzaliwe. Kwenye nyumba ya nyasi moto unakaa katikati, moshi unapenya juu, hewa inaingia kila mahali, na asubuhi unaamka macho mekundu lakini unaamka. Mama yangu amelala na moto maisha yake yote na bado anapanda mlima kwenda shambani kwake. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba ndani ya plasta na dari mkaa usio na moshi unaua. Tuliogopa moshi, na mkaa hauna moshi. Kwa hiyo jiko tuliliona salama kabisa.

Nilikuwa napura ulezi waliponiita. Aliyekuja ni mwenye nyumba waliyopanga, na jinsi alivyosimama mbali bila kusalimia, nilielewa. Walimu waliona hawakutokea kwenye mtihani, wakaenda kugonga, wakavunja mlango. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa gunia. Rafiki yake alikuwa bado anapumua, wakampandisha kwenye pikipiki katikati ya watu wawili, akapelekwa hospitali Sumbawanga kwa barabara ile yenye vigingi. Mwanangu hakupelekwa popote. Nilimkuta amelala ubavu, daftari la hesabu liko chini ya mkono, uso wake wa kawaida kabisa. Nilimwambia amka, umechelewa mtihani. Nilisema hivyo mara nyingi mpaka mama yangu akaniziba mdomo kwa kanga.

Mama yangu hakulia. Alilichukua lile jiko, akalipeleka nyuma ya nyumba, akalipondaponda kwa jiwe, na tangu siku hiyo halali na moto. Nimemwambia, mama, utakufa na baridi. Ananijibu, "Na iwe hivyo."

Siku ya mazishi magari yalipatikana. Sijawahi kuona magari mengi namna ile kijijini kwetu, yamepangwa kando ya shamba la mahindi, madereva wamekaa kwenye milango wanakula karanga. Yule afisa wa ukaguzi alikuwepo pia. Kiongozi wao kutoka wilayani akapewa nafasi ya salamu za rambirambi. Alisema ni ajali, ni mapenzi ya Mungu, na wazazi tuwe makini na majiko. Halafu, kwa kutaka kutufariji, akasema tusivunjike moyo kwa habari ya bweni, kwani mabati yapo tayari, yapo ghalani mjini tangu kabla ya mvua.

"Kilichokwama ni usafiri tu," akasema.

Watu wengine walipiga makofi. Naapa, msibani, watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa chini kwenye mkeka, wanawake wa jumuiya wamenishika mabega, nikayarudia maneno yake kimoyomoyo. Tangu kabla ya mvua. Maana yake yalikuwepo siku gari jeupe lilipokuja na kufuli. Gari lile lilitoka mji ule ule, likaacha mabati yamelala, likaja kutufungia.

Wiki haikuisha, lori likaleta mabati. Barabara ni ile ile, mawe yale yale. Nyasi zikashushwa, mabati yakapigwa, bweni likang'aa ukaliona hata ukiwa ng'ambo ya bonde. Wanakijiji walifurahi na siwalaumu, wana mabinti. Nami nina binti wa pili anayekwenda sekondari mwakani, na atalala humo, na nitashukuru Mungu kwamba analala humo. Ndivyo nilivyogawanyika. Nikiliangalia paa lile nalipenda na kulichukia kwa wakati mmoja.

Kabla ya mvua za kwanza ikafanyika sherehe ya uzinduzi. Turubai, viti vya plastiki, spika zinazokoroma. Mwalimu mkuu alinijia siku moja kabla, amenyong'onyea, akaniomba nitoe neno la shukrani kwa niaba ya wazazi. Alisema imependekezwa kutoka juu, itakuwa na uzito. Nikamkubalia. Mume wangu alinitazama kwa wasiwasi, maana ananijua, lakini hakunizuia.

Nilipoitwa nikashika kipaza sauti kwa mikono miwili. Nilikuwa nimepanga maneno mengi makali, yote yakanipotea. Nilisema hivi tu, na nayakumbuka kwa sababu yalikuwa machache:

"Mabati haya yalikuwa mjini mwanangu akiwa hai. Sitaki kulipwa, wala sitaki mtu afungwe. Naomba mtu mmoja tu asimame aseme, mimi ndiye niliyechelewesha. Akisema, nitamshika mkono, nitakaa chini, tutaendelea na sherehe."

Meza kuu wakatazama meza. Yule afisa wa ukaguzi akafungua chupa ya maji akaifunga. Kiongozi wao akamnong'oneza mshereheshaji, na mshereheshaji akasogelea kipaza sauti kingine, akasema, "Ahsante sana mama yetu, hoja yako imepokelewa na itafanyiwa kazi." Akawaashiria watu wa muziki.

Muziki haukuwahi kuanza. Upande wa wanafunzi msichana mmoja alikuwa amesimama. Alikuwa rafiki yake mwanangu. Tangu atoke hospitali mikono yake inatetemeka na anasahau, walimu wanasema hesabu zimemtoka kabisa. Hakuwahi kuja nyumbani kwangu tangu msiba, nami nilidhani ni haya. Alisimama katikati ya wenzake waliokaa, sare imemvaa kwa kukonda, akasema kwa sauti ndogo ambayo sote tuliisikia.

"Mama, ni mimi. Alisikia baridi, nikaziba dirisha."

Nilikiacha kipaza sauti pale pale. Nilipita mbele ya meza kuu bila kumwangalia mtu, nikaingia katikati ya watoto, nikamkumbatia.

"Kaa chini, mwanangu," nilimwambia. "Sikuwa nakuuliza wewe."