Mjomba Gharibu na Baridi ya Kichwani

Mjomba wangu Gharibu ananunua kamba wa baharini kijijini Mbuchi, na ukimsikiliza yeye, hakuna jambo la baridi asilolijua. Yeye mwenyewe matope ya kuvulia hayakanyagi. Wanawake wanaomletea kamba anawasubirisha juani, deli, sanduku lake la barafu, limefungwa, mpaka amalize kahawa yake na kusimulia ujanja wake. Kamba wakianza kuwa weusi vichwa, anawalaumu kamba.

Mwaka huu kifua kikaanza kumuuma. Hospitalini Dar wakamwambia mshipa mkuu unaotoka moyoni umevimba, hapo hapo unapogawa damu ya kichwani. Usipokatwa na kushonwa upya, utapasuka. Nilikuwa likizo, nikamsindikiza, nikamuuliza Daktari Consolatha: moyo ukisimamishwa ili mshipa ushonwe, ubongo unaishi vipi? Akasema mwili wanaupoza kwanza, ubongo utulie usitake damu nyingi, na mrija mwembamba unaendelea kuupelekea kidogo kidogo.

Mjomba akamcheka daktari. "Dada, baridi unanifundisha mimi? Kamba huharibika kichwa kwanza, hata ndani ya barafu. Nikitoka humo nitakuwa zezeta."

Tukarudi na uvimbe wake. Kijiweni akawa anajisifu alivyomnyamazisha daktari, mkono kifuani, wapambe wanaitikia. Aliyekuwa akilia ni mkewe, Bi Mwatumu, jikoni. Siku mjomba aliposhindwa kuinua hata deli tupu, Bi Mwatumu alifuta machozi, akamfuata kwenye mizani, mbele ya wauza kamba wote.

"Baba Feisal, kamba wako wanaharibika vichwa kwa sababu barafu unawawekea wakishaungua na jua. Yule daktari anatia baridi kabla damu haijasimama. Hana uvivu wako."

Wanawake walicheka, na Salima, mwenye ndoo kubwa kuliko wote, akaongeza, "Mpeleke tu, shoga. Kichwa chenyewe kina nini cha kuharibika?"

Basi akaenda. Si kwa busara, alikuwa anakimbia kicheko.

Wakampoza, wakampasua, wakamshona. Alipofumbua macho, Bi Mwatumu alimwinamia. "Unanijua?"

"Wewe si ndiye uliyeniaibisha kwenye mizani."

Bi Mwatumu akalia kwa furaha.

Ubongo waliulinda barabara, haukupungua hata chembe ya ujinga. Sasa mjomba anakaa kijiweni akieleza alivyowaelekeza madaktari namna ya kumpoza. Wanawake wanamsubiri juani. Deli limefungwa.