Tata Wangeci na Mfalme Asiyekufa

Harufu ya rasta za kusukia nywele zinazochomwa ncha kwa kiberiti hunirudisha Gitothua papo hapo, hata nikipita tu nje ya saluni na haraka zangu. Tulihamia mtaa huo wa Ruiru kutoka Thika mwaka ule baba alipofariki. Mama alipata kazi ya kufungasha maua katika shamba moja, akawa anaondoka alfajiri na kurudi jioni miguu imemvimba. Nyumbani nilibaki na mdogo wake, Tata Wangeci, aliyekuwa akiwasuka wanawake wa mtaa hapo mlangoni petu, redio ikiimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini. Nilikuwa darasa la tano, mgeni katika ploti ya nyumba za kupanga iliyojaa watoto, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na haja nami.

Kwa hiyo likizo ya Agosti, baridi ikiuma, nilibuni mchezo. Nilipasua katoni ya mafuta ya kupikia nikachora juu yake nchi yenye msitu wa miti inayotembea na mto unaokula daraja lake wenyewe. Vifuniko vya soda ndivyo vilivyokuwa mashujaa, na dadu niliitoa kwenye ludo yetu ya zamani. Mimi nilisimulia: umefika hapa, umekutana na jitu hili, haya, rusha dadu tuone. Watoto walikuja mbio. Hata Njoroge wa nyumba ya mwisho, ambaye ndiye aliyeamua ploti nzima icheze nini, alikaa kando ya tangi la maji akasahau mpira. Sijui kama nimewahi tena kupata furaha kama ile ya kusikia jina langu likiitwa nje kabla sijamaliza chai.

Haikudumu. Katika nchi ile nilikuwa nimemweka mfalme, mrefu, mwenye koti la kahawia, ambaye kila alipouawa aliamka. Aliyapiga majitu, akawaopoa waliozama, na mchezaji akitaka kufanya jambo lake mwenyewe, alikuta mfalme ameshalifanya. Watoto wakaanza kupiga miayo. Siku moja Njoroge akaitupa dadu chini. "Zii! Sasa sisi tunacheza, ama tunaangalia huyo mfalme wako akicheza?" Wakaondoka wote, nikabaki na katoni yangu. Likizo ilikuwa bado ndefu, na nilijua kabisa kwamba wakizoea kucheza bila mimi hawatanirudia.

Tata alinikuta nikilia, wala hakunibembeleza. Alikuwa akimsuka jirani yetu, Mama Kevo. Akaniambia niketi nimsimulie mchezo wote tangu mwanzo. Hadithi ikienda vizuri, vidole vyake navyo vilienda. Nikianza kuzunguka au kujisifu, vidole vilisimama, na Mama Kevo akageuza shingo kuuliza kuna nini. Mto ukapita. Msitu ukapita. Tulipofika kwa mfalme, vidole vikasimama kabisa.

"Huyu akiuawa anaamka tu?" Tata akauliza.

"Eeh."

"Sasa mimi nitaogopa nini?"

Nikaanza kumtetea mfalme wangu. Nikaeleza koti lake, kicheko chake, jinsi alivyopiga mluzi akikaribia nyumbani. Tata akaweka kitana chini taratibu. "Nyambura, huyu si ni baba yako?" Mama Kevo akaangalia sakafu. "Basi hatumtoi, mami," Tata akasema. "Lakini mwache awe amekufa. Hao watoto waanze safari bila yeye, wafuate njia aliyopita."

Nilimkasirikia sana, nikamwambia kazi yake ni nywele, hadithi aniachie. Asubuhi yake, lakini, nilichukua kalamu nikalifuta jumba la mfalme na kuchora kaburi. Nikawaita watoto, nikawaambia mfalme amekufa, na anayetaka kuvuka bonde atafute alama alizoacha kwenye miti. Tangu tutoke Thika sikuwa nimewahi kulitamka neno hilo, amekufa. Sauti ilinitetemeka, wakadhani naigiza. Kifuniko cha Njoroge kilipofika kaburini, alivua kofia yake bila kuambiwa na mtu. Wakacheza hadi tukaitwa kula, na kesho yake wakarudi.

Leo naandika michezo ya aina hiyo na wenzangu huko Juja, yenye ramani zilizochapishwa kwa rangi na dadu za kila umbo. Vijana hupiga picha na mchoraji wetu, huniomba saini, na sijasikia hata mmoja akiuliza mhariri ni nani. Inaniudhi. Mhariri ndiye husoma rasimu mbovu kwa uvumilivu, akaona palipooza, akamwambia mwandishi jambo asilotaka kusikia bila kumvunja moyo. Kazi yake bora mara nyingi ni kitu ambacho hakipo tena kwenye ukurasa, na nani atashangilia asichokiona? Tata sasa yuko Mwiki, na ana saluni yake. Nilipompelekea sanduku la mchezo wetu wa kwanza, lenye jina lake kando ya langu, alishangaa kwa nini nimemwandika na hajawahi kurusha dadu hata mara moja. Nikamwambia ukweli: bila yeye mfalme wangu angekuwa hai mpaka leo, nami nisingekuwa na mtu wa kucheza naye.