Mtaje Aliyesema

Nakumbuka, mwanangu Zuhura, siku niliyosimamishwa mbele ya watu wa kijiji cha Bonga na ripoti mkononi. Ungejua ninavyoikumbuka, usingeniletea kitu hiki ulichoniletea leo. Kaa hapo. Chai utakunywa baadaye.

Nina hasira na sitaificha. Umeingia hapa Nangara, umeniamkia vizuri, umeniwekea mezani utafiti wako wa wakulima wa mboga wa Singe, umefungwa vizuri na plastiki juu, ukasema, "Shangazi, nipitie kidogo, kesho nakabidhi." Nimepitia. Kila ukurasa "mkulima mmoja alisema", "mkulima mwingine alieleza". Nimekuuliza mkulima gani, ukacheka. Kumbe kijana wa steshenari pale stendi amechukua ripoti ya mtu wa mwaka jana akabadilisha majina ya mahali. Ukaniambia kila mtu anafanya hivyo, na mwalimu mwenyewe hasomi, anaangalia tu kama kurasa zimetimia. Singe ni hapo tu, mwanangu! Hata bodaboda haijapata moto umeshafika.

Dhambi hiyo naijua kwa sababu ilikuwa yangu kabla haijawa yako.

Nilikuwa na umri kama wako, nasomea kilimo. Chuo kilituagiza tufanye utafiti, na mimi nikapangiwa Bonga, niwahoji wakulima thelathini wanaochanganya mbaazi na mahindi. Ripoti ikiisha, mtendaji wa kijiji aigonge muhuri ndipo chuo kiipokee. Bila muhuri unarudia mwaka. Sasa mimi binti wa mwenye duka, miguu yangu haikuzoea tope, na masika ilikuwa imekolea. Nilihoji watu wanne waliokuwa wanapalilia karibu na barabara. Wa tano alikuwa mama mmoja mtu mzima, Mama Margwe, na shamba lake lilikuwa ng'ambo ya mfereji. Nilisimama upande wa pili na viatu vyangu vyeupe, nikampa shikamoo kwa kupaza sauti, nikaandika jina lake, nikaondoka. Wale ishirini na watano waliobaki niliwahoji dukani kwa babu yako, nimekaa juu ya gunia la sukari, naandika majina kutoka orodha ya kijiji, nauliza mimi na kujibu mimi.

Kisha nikaandika ripoti. Kwa Kiingereza, ndiyo, na kilikuwa Kiingereza kilichovimba kama unga uliotiwa hamira nyingi. Kila nilipokosa la kusema niliongeza neno refu. Debe tupu haliachi kuvuma, nami nilivuma kurasa hamsini. Babu yako maskini alikuwa anawaonyesha wateja wake, hata waliokuja kununua kiberiti.

Mtendaji aliipokea, akaipimapima mkononi, akasema yeye hagongi muhuri kitu ambacho wenyewe hawajakisikia. Ulikuwepo mkutano wa kijiji wiki ile. Akanisimamisha mbele ya watu.

"Soma, binti. Kwa Kiswahili."

Nikaishika sentensi yangu ya kwanza, ile ya mistari sita niliyojivunia, nikaanza kuigeuza. Neno hili halina maana, nikaliacha. Lile nalo ni pambo tu, nikaliacha. Nikatafuta na kutafuta, mwisho likabaki jambo moja, nikalisema kwa sauti ndogo: "Wakulima wa Bonga hawajui kulima."

Hawakucheka. Afadhali wangecheka.

Mama Margwe akasimama. Kiswahili chake kilikuwa na uzito wa Kigorowa, lugha ya kwao, lakini siku ile hakuna aliyeshindwa kumwelewa.

"Nani amesema hayo?"

"Wakulima, mama."

"Mkulima yupi? Mtaje."

Nikafunuafunua kurasa. Akamwomba mtendaji amtafutie jina lake kwenye karatasi zile. Likapatikana, namba tano. Mtendaji akasoma taratibu, akigeuza kwa Kiswahili: Mama Margwe anapanda mbaazi kwa kuacha nafasi kubwa mno, kwa sababu ya kukosa elimu.

"Mimi nimekwambia hivyo, wewe mtoto wa dukani?" Akanisogelea. "Naacha nafasi kwa sababu mahindi yakishatoka shambani, mbaazi ndiyo inatanuka. Ukiibana unavuna majani. Hayo ningekwambia kama ungevuka mfereji. Hukuvuka. Uliogopa viatu. Sasa karatasi hii inakwenda kwa wakubwa, na wakubwa watasema Mama Margwe wa Bonga ni mjinga, na mimi sitakuwepo kuwajibu. Unanisemea kama maiti, na mimi mzima!"

Muhuri haukugongwa. Wenzangu walihitimu, mimi nikarudia mwaka. Na usidhani nilijirudi siku ileile. Nilimchukia yule mama. Nililia dukani siku nzima, nikamwita kila jina baya ninalolijua, mpaka babu yako akanitupia mabuti yake ya mvua na kuniuliza swali moja tu: "Alisema uongo?" Hasira ya Mama Margwe ilikuwa ya haki. Yangu ilikuwa ya aibu.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Msimu uliofuata nilivaa mabuti yale nikavuka mfereji. Mama Margwe hakunikaribisha kwa maneno matamu. Alinipa jembe kwanza, maswali baadaye. Nyumba thelathini nilizifikia zote, nyingine mara mbili kwa sababu mwenyewe hakuwepo. Ripoti ilitoka fupi, kurasa kumi na nane, na nilipoisoma mkutanoni haikunisumbua kuigeuza. Nilipofika kwenye mbaazi, nikasoma: "Chuoni tumefundishwa kubana nafasi. Mama Margwe wa Bonga anasema nafasi inaachwa ili mbaazi itanuke mahindi yakishavunwa. Nimepima shamba lake na la jirani yake aliyebana, na la Mama Margwe limezaa zaidi. Kwa nini, bado sijui kwa hakika."

Mama Margwe akanikatiza. "Rudia hapo."

Nikarudia, neno kwa neno.

Akamgeukia mtendaji. "Gonga. Hapo nimesema mimi."

Sasa nisikilize, maana hasira yangu haijaisha. Wanaokutisha kwamba uandishi wa kitaaluma ni maneno makubwa wamekudanganya, kama nilivyojidanganya mimi. Ni adabu, mwanangu. Aliyesema mtaje, awe mwandishi wa kitabu au mama wa Singe mwenye bustani ya mchicha. Uliyoyaona kwa macho yako usiyachanganye na uliyoambiwa, na usilolijua sema hulijui, kwani kuuliza si ujinga. Kila sentensi ukishaiandika, igeuze kwa lugha ya nyumbani uisome kwa sauti. Ikibaki tupu ifute, hata kama ilikupendeza. Hiyo simu yako itakusahihishia maneno, sawa, lakini haijawahi kukanyaga tope la Singe. Na usiandike juu ya mtu jambo ambalo huwezi kumsomea akiwa amekaa mbele yako.

Ripoti hii sikurudishii. Nikunjie uso unavyotaka. Kesho hukabidhi kitu. Utakwenda kwa mwalimu wako kuomba muda, na akikunyima utarudia kama nilivyorudia mimi, na hutakufa. Mabuti ya babu yako yapo nyuma ya mlango. Ni makubwa, vaa soksi mbili.

Haya, kunywa chai yako uende. Mwenyezi Mungu akupe miguu isiyochagua njia na masikio yenye subira, auzuie mkono wako usiandike ambacho sikio halikusikia. Na siku utakaposimama kusoma mbele ya wenyewe, ajaalie mmoja wao akukatize, akwambie, "Rudia hapo. Hapo nimesema mimi."