Neno "sister" limenichanganya tangu dada yangu atake kwenda utawani

Wakuu, heshima zenu.

Huwa nasoma tu humu bila kuandika, aibu imenizidi. Leo nimejikaza. Niko form three, nyumbani ni Bahi, Dodoma. Haya yametokea kwetu, sijatia chumvi.

Nianze na neno lenyewe.

Sokoni wauza mitumba wananiita, "Sista, njoo uone blauzi!" Hospitali, nesi ni sista. Msichana akivaa jinzi ya kubana na nywele za dawa, ni sista duu. Mtawa naye ni sista. Halafu kwenye somo la English, sister ni mtoto wa mama yangu.

Sasa huyo mtoto wa mama yangu, dada Mage, akasema anataka kuwa sista.

Kwetu Wagogo binti akiolewa ng'ombe wanaingia zizini, na kaka ndio anaoa nao. Kaka Yoeli alishapata mchumba. Akauliza, "Kwa hiyo mimi nitaoa kwa rozari?"

Mama akacheka, kisha akaanza kulia. Sikujua nimfuate kwenye kicheko au kwenye kilio.

Masista wawili wakaja nyumbani, mmoja mtu wa Moshi, mwingine wa Songea. Wakaeleza ombi lao vizuri tu.

Baba akasikiliza mpaka mwisho, akajibu, "Mmepotea njia, mama zangu. Hapa hakuna binti. Huyu bado mtoto."

Wakainamisha vichwa, wakaaga.

Dada alilia mpaka macho yakavimba. Na mimi, wakuu, sijui nisemeje. Nilimwonea huruma, na hapo hapo nilifurahi. Tunalala kitanda kimoja tangu utoto. Angeondoka, nani angenisuka?

Wiki zikapita. Jioni moja nampelekea baba maji ya kunawa, namsikia anamwambia mama, "Watu gani hawa wanaposa mara moja tu? Au binti yetu hawamtaki kweli?"

Nikabaki nimeshika birika.

Kwa wasio wa kwetu: washenga wakija mara ya kwanza, mzazi hakubali. Akikubali haraka ataonekana amemchoka binti yake. Anawafukuza kwa maneno, wanarudi. Anawafukuza tena, wanarudi.

Kumbe baba aliwapokea masista kama washenga! Sisi wanawe tulidhani amekataa, maana hawa hawakuja kuoa. Na masista wa watu wangejuaje?

Baba hawezi kuwaita, mwenye binti haiti washenga. Binti naye hawafuati. Nikikaa kimya, dada anabaki.

Jumapili iliyofuata misa sikuisikia kabisa. Ilipoisha nikamsubiri yule sista wa Moshi nje. Mimi huwa siwezi hata kuomba maji kwa mtu.

"Sista, baba anauliza mbona hamrudi."

"Turudi wapi, binti? Si alitukataa?"

"Hajakataa. Ndio kwanza ameanza."

Alinitazama, akaziba mdomo kwa mkono, akacheka mpaka mabega yakatikisika.

Wakarudi, safari hii wanajua. Baba akawafukuza. Wakarudi tena. Kwenye mahari yote baba akaomba blanketi la mama tu, basi. Kaka Yoeli mpaka leo amenuna.

Dada akaenda. Juzi kaja likizo, kitambaa cheupe kichwani. Mama kamwekea kiti cha wageni na soda. Majirani wote, "Sista, sista." Hata baba.

Mimi nilijificha jikoni. Akanifuata. Sikujua nimwiteje, nikatoa salamu ya kanisani: "Tumsifu Yesu Kristo, Sista."

"Milele, amina."

Akasimama pale mlangoni kama anayesubiri kitu. Kisha akasema, "Haya, sasa nisalimie mimi."

"Mbukwa, dada," nikasema, kwa Kigogo chetu. Akavuta kigoda, akaniambia nikae chini, akaanza kunifumua nywele.

Nilichojifunza ni kwamba mgeni asiyejua desturi yenu atakubali jibu la kwanza na kwenda zake, kwa hiyo mwelezeni.

Mengine bado sielewi. Akiweka nadhiri watampa na jina jipya. Wenye ndugu watawa, nyie mnawaitaje nyumbani? Karibuni mnisaidie, ila msinicheke sana.