Mkono wa Kushoto Kwenye Meza ya Snuka

Nilikuwa mpiga chapa katika kiwanda cha saruji kule Wazo. Wazungu walipoondoka, klabu yao ikawa yetu wafanyakazi wote, na ndani yake tukakuta meza ya snuka. Wanaume waliicheza kila jioni baada ya kazi na kugombana kila jioni juu ya pointi. Kwa kuwa mie nilikuwa mwepesi wa kujumlisha, wakaniomba niwaandikie ubaoni.

Nikaandika miezi sita, huku macho yangu yakijifunza. Siku moja fundi umeme hakutokea, wakapungukiwa mtu.

"Mpeni huyo dada fimbo," mpishi wa kantini akasema kwa mzaha.

Nikaishika kwa mkono wa kushoto, ndio ninaoutumia kwa kila kitu. Nikatumbukiza mpira mwekundu, kisha mweusi, kisha mwekundu mwingine. Vicheko vikakatika.

Mume wangu, dereva wa lori hapo hapo kiwandani, alizipata habari kabla sijafika nyumbani.

"Nasikia umewafunga wanaume."

"Watatu."

Akacheka mpaka akakitua kikombe cha chai. "Basi kesho nakuja kumwona wa nne."

Baadaye kitambaa cha meza kikachanika. Ilikuwa miaka ya uhaba, hata sabuni ilikuwa ya foleni, kitambaa kingine tungekitoa wapi? Fundi cherehani mmoja wa Mwenge akatuungia blanketi mbili. Mipira ikawa inajikokota kama gari kwenye mchanga, nasi tukazoea kupiga kwa nguvu zote.

Ndiyo maana nilipokwenda Temeke kwenye mashindano ya mashirika ya umma, niliaibika. Meza yao ilikuwa laini. Nilipopiga mara ya kwanza, mpira uliruka nje ya meza ukabingirika hadi chini ya kiti cha mgeni rasmi. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mpinzani wangu, mzee wa Kiarabu aliyekuwa mkuu wa stoo katika shirika la nguo, akainama mwenyewe kuuokota.

"Kwenu mnachezea juu ya nini, mwanangu?"

"Blanketi, mzee."

"Lahaula! Basi hapa usipige. Sukuma tu."

Mchezo huo wa kwanza alinifunga vibaya. Wa pili nikasukuma kama alivyosema, nikashinda. Wa tatu nikashinda tena. Akagonga ukingo wa meza kwa fimbo yake, akanipa mkono.

Wiki mbili baadaye meneja wetu akaniita ofisini, barua mkononi. "Shirika la nguo linaomba mpiga chapa," alisema, "lakini barua nzima inauliza habari za mkono wako wa kushoto."

Nikahamia kwao. Asubuhi nilipiga chapa, alasiri nikaruhusiwa kufanya mazoezi na yule mzee, na kila siku nilianza kwa shikamoo kabla ya kumfunga. Nililichezea shirika lile miaka kumi na moja. Nilifika Tanga, Moshi, hata Mbeya kwa treni.

Mama mkwe, tuliyekuwa tukiishi naye Kinondoni, mwanzoni aliwaambia majirani kwamba nasafiri kwenda mikutano ya kazi. Siku aliposikia nikitajwa redioni, akaanza kusema ukweli, tena kwa chumvi. Kutoka Tanga nilirudi na vikombe viwili. Jioni ile, barazani kwake, vilikuwa vitano, na wapinzani wangu wote walikuwa wamelia.